Vikuku Viwili vya Madam

Jumanne, Riyadh. Asubuhi baridi, adhuhuri jua, alasiri vumbi, kisha mvua ya matope. Na moyo wangu hivyo hivyo.

Shajara yangu, leo nimesema uongo wa neno moja, nikaufuta kabla haujamvunja mtu. Sijui kama malaika wa kushoto alikuwa ameshauandika.

Nianze na farasi, maana wao ndio kazi, na wao hawana kosa.

Mwezi huu wa Machi hapa mjini hauna adabu. Nikitoka kusali Alfajiri bado ni koti na soksi mbili, na farasi wamevaa mablanketi yao. Saa tatu nayavua, kwa sababu wanaanza kutoka jasho, na farasi mwenye jasho akipigwa na upepo tumbo humkaza, na tumbo la farasi si la kuchezea. Saa sita wanagombea kivuli. Alasiri upepo unageuka, anga linakuwa rangi ya chai ya maziwa, na hapo ni mbio: funika nyasi kavu, funga madirisha, ziba ndoo za maji. Vumbi likishapita nawaosha macho mmoja mmoja kwa kitambaa na maji ya uvuguvugu. Farasi wadogo wa watoto ndio wakorofi. Kuna mmoja hukinyakua kitambaa akakimbia nacho kama kashinda nishani.

Watu huniuliza mwanamke wa Lamu kafikaje kwenye farasi. Ni punda. Baba yangu alikuwa na punda watatu wa kubeba mawe na mchanga, na mimi ndiye niliyewahudumia, shule nikaiacha darasa la sita. Bosi wangu wa sasa alinileta Riyadh kwa kazi za nyumbani. Binti yake, kochi Nura, alipofungua sehemu ya wanawake kujifunza farasi, mambo ambayo zamani huku hayakuwapo, akatafuta wanawake wasioogopa wanyama. Nikajitokeza. Nilitaka kusema kwa Kiarabu kwamba baba yangu ni mwenye punda. Nikasema, "Ana bint himar." Maana yake mimi ni binti wa punda. Walicheka mpaka kochi akakaa chini, lakini kazi nikapata. Waarabu wananiita Umm Saleh kwa jina la mwanangu, na Mercy, mwenzangu wa Nakuru, ananiita Mama Swaleh. Jina langu hasa hakuna anayelitumia.

Sasa Ghaima. Ni farasi jike wa kijivu, jina lake maana yake wingu. Mpole, ila ana ujanja wa punda wa baba. Ukimfunga mkanda wa tandiko huvuta pumzi akajaza tumbo. Wewe unadhani umekaza, kumbe umekaza hewa. Baadaye anashusha pumzi, mkanda unalegea, na anayepanda anajikuta chini ya tumbo la farasi pamoja na tandiko lake. Baba alikuwa akifunga shogi, tandiko la mizigo la punda, anamtembeza hatua chache, anamtukana kwa upole, anakaza tena. Ndivyo ninavyomfanyia Ghaima. Mara mbili, kila siku.

Na sasa madam. Nimezunguka sana kabla ya kufika kwake.

Kabla ya Riyadh nilifanya kazi Jeddah, mtaa wa Aziziya, nyumba ya madam mmoja aliyekuwa akiniita Esha kwa sababu Mwanaesha lilimchosha mdomo. Siku moja kikuku chake cha dhahabu kikapotea. Akanipekua hadi kwenye nywele. Akachukua simu yangu akaifungia kabatini, akasema nitaipata kikuku kikipatikana. Mama yangu alikuwa mgonjwa Lamu, na madam alijua. Ndugu zangu walipiga, simu ikalia kabatini mpaka ikazima, na mwezi mzima sikuipata. Kikuku kikaonekana chini ya kiti cha gari lake mwenyewe. Akanirudishia simu, akasema neno moja.

"Halas."

Yamekwisha, yaani. Nilipoiwasha nikakuta mama amezikwa siku kumi na moja nyuma.

Nilimaliza mkataba, nikarudi Lamu kulia juu ya udongo uliokwisha kukauka.

Jumamosi iliyopita likaingia gari jeupe, linaendeshwa na mwanamke, wanawake wanaendesha siku hizi. Akashuka, akatoa miwani, akapiga vidole: tak, tak. Mgongo wangu ulimjua kabla ya macho: madam wa Aziziya. Alikuwa amehamia Riyadh na mume wake, na sasa anataka kujifunza farasi, na hasa kupiga picha juu ya farasi. Mkononi, mkono wa kulia, kikuku kile kile. Mimi nimefunga uso kwa ajili ya vumbi, nina buti na koleo la mavi. Alinitazama kama mtu anavyotazama ndoo.

Kochi akampangia Ghaima, somo la kwanza Jumanne.

Nitasema ukweli, maana nikikudanganya wewe shajara nimwambie nani. Tangu Jumamosi nimekuwa na furaha mbaya. Mwaka jana farasi wetu mmoja alimwangusha mteja. Wiki haikuisha akauzwa, hatujui kwa nani. Hakuna aliyeuliza tandiko lilifungwa na nani. Hilo ndilo lililonipa wazo. Nisifanye kitu. Nisikaze tu mara ya pili.

Sikutaka afe. Nilitaka avunjike mkono. Wa kulia. Nilifika mpaka kuchagua mkono.

Na nilisali vipindi vyote vitano na nia hiyo kifuani. Nilikuwa nasema Rahmani Rahimi huku napima kimo cha farasi.

Leo saa kumi alasiri akaja. Mercy aliniona nikimchana Ghaima kimya, akasogea. "Mama Swaleh, leo umetulia kama polisi kwa roadblock. Kuna nini?"

"Hakuna."

"Basi usimwangushe huyu mama wa kikuku. Akianguka tutaandikishwa statement mpaka Ramadhani."

Alikuwa anatania.

Nikafunga mkanda. Ghaima akajaza tumbo. Nikamleta kwenye ngazi ya kupandia bila kumtembeza, nikasimama kando. Madam akapanda ngazi, akainua mguu, akatafuta pa kukanyaga. Sisi kwa Kiswahili chuma kile cha kukanyagia mpanda farasi nacho twakiita kikuku. Nikamwona ana kikuku mkononi na mguu unatafuta kikuku, nikasema moyoni, leo viwili vitakutana.

Kochi huniuliza kila mara kabla mtu hajapanda. "Umm Saleh, tamam?" Yaani, kila kitu sawa? Ananiamini. Nikisema tamam, hakagui.

"Tamam," nikasema.

Ghaima akashusha pumzi. Nikauona mkanda umening'inia, mkono mzima ungepita. Akageuza kichwa akanitazama, akingojea hatua zetu chache na matusi yetu ya upole, kwa sababu ndivyo tulivyozoeana. Ndipo nikaona mambo yatakavyokuwa. Madam atapiga kelele kwamba farasi ni mwovu. Ghaima hana mdomo wa kujitetea. Atapakiwa kwenye gari kwa kosa lisilo lake, na siku ukweli ukionekana kutakuwa na mtu wa kusema halas.

Mimi namjua mtu aliyefanyiwa hivyo.

"Mafi tamam," nikasema kwa sauti. "Bado. Mkanda."

Kochi alishangaa, sijawahi kubadilisha neno langu. Madam akarudisha mguu kwa kero. "Yalla, yalla, mwanga wa picha unaondoka." Tak, tak, vidole juu ya kichwa changu. Nikamtembeza Ghaima, nikamtukana, nikakaza tundu mbili kwa hasira yangu yote. Hasira haikutoka. Usidhani nilisamehe. Nilimlinda farasi.

Picha zilipigwa chache tu. Simu zilisema vumbi litafika Magharibi, likafika saa kumi na moja kasoro. Bati la banda la nyasi likapiga kelele, Ghaima akaruka kando na kuzunguka mara mbili, na madam akalala juu ya shingo akiita mama yake kama mtoto. Tandiko halikusogea hata unywele. Niliruka nikakamata hatamu, naye akateremka moja kwa moja juu ya shingo yangu, kanikumbatia, kucha zimeniingia.

Huyo, ananikumbatia mimi.

Tukakimbilia chumba cha matandiko, mimi, madam na Mercy, na vumbi letu, kochi akabaki na farasi bandani. Mara mvua ikaanza, ile inayoshuka na vumbi, kila tone ni tope. Madam alikuwa vumbi tupu kuanzia nyusi mpaka viatu. Nikaifungua shungi yangu usoni kuikung'uta.

"Allah akulipe kheri," akaniambia. "Umeniokoa. Unaitwa nani hasa?"

"Mwanaesha."

Akatabasamu bila kuelewa.

"Esha, madam. Esha wa Aziziya. Wa kikuku."

Nilimwona akinikumbuka. Kwanza macho, kisha mkono wa kushoto ukaja taratibu ukavuta mkono wa abaya juu ya dhahabu. Mercy kwenye kona akajifanya anatafuta brashi.

"Ya Esha," akasema mwishowe. "Mambo ya zamani hayo. Kilipatikana, si ndiyo? Halas."

Kiarabu changu ni kile cha jikoni na bandani, hakina mapambo. Kilitosha.

"Mafi halas, madam. Mama yangu alikufa, simu yangu iko kabatini mwako. Mafi halas."

Mvua ikazidi, bati likawa linapigwa ngoma. Tulifundishwa chuo cha Kurani tukiwa wadogo kwamba mvua ikinyesha dua hupokewa, na dua ya aliyedhulumiwa haina pazia. Madam alifundishwa hayo hayo. Basi nikaelekea mlangoni, nikainua mikono yangu yenye harufu ya farasi, nikaanza kuomba midomo ikicheza bila sauti.

"Unaomba nini?" akauliza.

Nikaendelea.

"Esha. Unaomba nini? Unamwombea nani?"

Mercy akasema bila kuinua kichwa, "Madam, ukimkatiza ataanza upya."

Alisimama nyuma yangu nikimsikia anavyopumua, pumzi fupi fupi, mpaka nikashusha mikono na kujipangusa uso. Nilipogeuka alikuwa amekivua kikuku amekishika mkononi, hajui akiweke wapi. Akakitia kwenye mkoba. Akaenda kwenye gari lake akikanyaga tope, akakaa ndani taa zikiwaka muda mrefu kabla ya kuondoka.

Mimi nikaenda kuwaosha farasi macho. Ghaima nilimwosha mara mbili, nikamwomba radhi kwa Kiswahili.

Baada ya Isha kochi Nura akaniita. Kumbe madam amepiga simu mara mbili. Halalamiki. Anauliza tu Umm Saleh aliomba nini pale mlangoni. Nikamwambia kochi dua ni baina ya mja na Mola wake. Akasema sawa, ila aliniangalia kwa jicho la kuuliza, na nadhani lile neno langu lililogeuka bado analo kichwani. Nitamwambia. Lazima nimwambie, maana ananiamini. Kesho, baada ya kuvua mablanketi.

Wewe nakwambia sasa. Nilianza na mama yangu. Nilimwombea kaburi pana, nikamwomba anisamehe simu ile, nikamtajia wajukuu mmoja mmoja. Ilinichukua muda, miaka mingi sikuwahi kukaa naye vizuri hivyo. Baada yake ndipo ingekuwa zamu ya madam, na maneno yake nilikuwa nayo tayari, nimeyachonga tangu Aziziya. Lakini mvua ya Riyadh haina subira. Nilipomaliza kwa mama, bati lilikuwa limenyamaza.

Yeye hajui hilo. Leo atalala akihesabu nimemwombea nini, kama mimi nilivyolala mwezi mzima nikijiuliza mama yangu yuko katika hali gani. Nimwambie? Mcha Mungu angemwambia. Mimi ni mcha Mungu, na sijamwambia.

Jumamosi akija nitamfungia Ghaima, nitamtembeza, nitakaza mara ya pili. Hilo nimeapa.

Mengine sikuapa. Machi haijaisha, na mvua ilipokatika alasiri, mawingu mengine yalikuwa bado yamejaa upande wa magharibi.