Niko Ndani, Naiona kwa Nje

Baba Salima, mume wangu,

Keti vizuri hapo ulipo. Nimepanda treni.

Ndiyo, mimi. Mimi huyuhuyu mtoto wa kijiji cha Mnyambe, uliyesema nitakufa sijapanda kitu kinachozidi trekta. Nimepanda, nimeshuka, na nimerudi Mkomaindo, hapahapa Masasi, na miguu yangu yote miwili. Naandika mwenyewe, sijamtuma mtu. Herufi ulinifundisha wewe, kwa mkaa, kwenye mlango wa ghala la korosho, maana mimi shule niliipita kwa nje nikiwa na ndoo kichwani. Kwa hiyo ukikuta kosa humu, kosa ni la mwalimu.

Kwanza ya nyumbani. Ule mkorosho wa karibu na choo, uliotaka kuukata kila mwaka nikakukatalia, mwaka huu umezaa mpaka matawi yamegusa chini. Baiskeli yako nimempa mdogo wako, naye kaipaka rangi nyekundu, inatia aibu kuitazama. Banda la video halipo tena, siku hizi pale wanasuka nywele. Picha sasa kila mtu anaangalia kwenye simu, peke yake, shingo kaikunja kama anatafuta sindano. Hakuna wa kubishana naye. Ungeteseka sana, mwenzangu.

Na Salima wetu amejifungua. Mtoto wa kike, mnene, ana masikio yako, maskini. Ndicho kilichonipeleka Dodoma, kumkanda mama na kumwogesha mtoto. Nilifika Dar kwa basi, kiuno kimekufa. Salima akaniambia kwenye simu, "Mama, usipande basi tena, panda treni ya umeme. Haitikisi."

Nikamwambia, "Treni? Baba yako atanicheka."

Akasema, "Basi panda, halafu umwambie ilivyokuwa."

Ndiyo nakwambia.

Unaikumbuka ile Jumapili mchana kule bandani? Usijifanye umesahau. Tulikaa kwenye vigoda vyetu, maana mabenchi ya pale yalikuwa na misumari. Picha yenyewe ya Wazungu wenye makoti marefu, wanakimbizana kwenye treni inayopita chini ya mji. Yule kijana mtafsiri kashika kipaza sauti, Kiingereza hajui hata cha kuombea maji, anapiga kelele, "Hapo sasa! Mwamba wetu anaingia treni ya kuzimu!"

Na wewe picha yenye treni ulikuwa huwezi kuitazama ukanyamaza. Banda zima aliyewahi kupanda treni ulikuwa wewe peke yako. Ulipanda ukiwa mtoto, na baba yako, kwenye ile reli ya zamani ya kutoka hapa Masasi kuelekea Mtwara, iliyong'olewa hata ndevu hujaota. Safari moja tu, lakini ilikutosha kuwa hakimu. Mtu akikimbia juu ya paa la behewa, unasimama. "Uongo! Upepo ungemfanya shuka!" Treni ikifunga breki ikasimama papo hapo, unasimama tena. "Uongo! Treni inasimama kama mzee anavyokaa, kwa kupanga!" Watu nyuma wanakuvuta shati, "Mzee, keti, unatukata kichwa cha adui!"

Ile ya chini ya ardhi ndiyo ulikataa kabisa. Ulisema treni inakula makaa na kutoa moshi, ukiifukia, abiria wote wanakuwa samaki wa kubanika. Mimi nikasema ni kweli ipo. Nilikuwa najua nini? Sikujua kitu, nilitaka kubishana tu. Nikakwambia, "Panya anachimba akatokea upande wa pili, mwenye mashine ndiye ashindwe?" Ukacheka, ukaweka dau mbele za watu. Ikionekana ni uongo, mimi nitakupa shikamoo kila asubuhi, mimi ambaye tangu siku ya ndoa sijakupa hata moja, kwa kuwa nilikwambia sikuolewa niwe mtoto wako. Ikionekana ni kweli, wewe ndiye utaniamkia, hadharani, kwa sauti. Tukapeana mikono.

Ingeishia hapo tungekula ubwabwa wetu kwa raha. Lakini yule kijana akakuchokoza kwenye kipaza sauti. "Mzee, wewe uliyepanda hebu tuambie, huko ndani kukoje?"

Ukawaambia. Uso wako ukawa wa mtoto. Ukasema mlifika mahali reli inapinda, ukatoa kichwa dirishani, ukaiona treni uliyopanda. Kichwa chake kile pale, moshi wake ule, kinakwenda. Ukasema, "Niko ndani, naiona kwa nje."

Banda likapasuka! Kijana akatangaza, "Mabibi na mabwana, mzee wetu yuko ndani na anajiona kwa nje! Leo usiku atajiona amelala, ajifunike shuka!" Watu wakaanguka kwenye mabenchi. Na aliyecheka kuliko wote ni nani? Mimi. Tena sikuishia kucheka. Ukautoa mfukoni ule msumari wako wa reli, uliouokota reli ilipong'olewa, mnene kama kidole gumba cha jitu, uwaonyeshe. Na mimi mkeo, mbele ya watu wote, nikasema, "Huo kauokota gereji."

Ulinitazama. Ukakichukua kigoda chako, ukakibana kwapani, ukaondoka.

Hukunigombeza. Ulikula, ulilala, kesho yake ulipuliza salfa kwenye mikorosho kama kawaida. Msumari ukaniachia jikoni, nikawa nabangulia korosho. Lakini ile habari ya treni, uliyokuwa ukiisimulia hata kwa mbuzi, hukuisimulia tena. Miaka yote ile mpaka unakufa. Na mimi sikuomba radhi. Mimi na radhi unatujua.

Haya. Safarini niliubeba ule msumari, nimeufunga kwenye kanga pamoja na korosho za Salima. Sikujua naubebea nini. Nafika stesheni Dar, Baba Salima, mahali penyewe panang'aa mpaka niliona aibu kukanyaga. Mizigo inapitishwa kwenye mashine, mashine ikapiga kelele. Askari, binti mdogo, kafungua kanga yangu.

"Shikamoo bibi. Hiki ni nini?"

"Marahaba. Ni mume wangu."

Akanitazama. "Bibi, hiki ni chuma."

"Na yeye ndivyo alivyokuwa. Ni msumari wa reli, mwanangu. Ya Masasi."

"Masasi kuna reli?"

Nikataka kusema kulikuwa nayo. Neno likanikwama. Nikasema, "Yeye alisema hivyo." Akaita mwenzake, wakaugeuzageuza, mwenzake akasema reli yao haina misumari ya namna hiyo. Mwishowe wakacheka, wakaniruhusu, wakaniambia nisimpige nao mtu. Nikawaambia itategemea huyo mtu.

Sasa nikupe hesabu ya picha na kweli, maana najua ndiyo unayoingoja.

Milango, picha zilisema kweli. Inajifunga yenyewe, haimwonei mtu haya. Kuna kaka alikuwa bado anaaga, mlango ukamfungia maneno nje. Juu ya paa hakuna mtu, nilichungulia tangu stesheni, hakuna. Kusimama, wewe ndiye mkweli, inasimama kwa kupanga. Mizigo, picha ni waongo wakubwa. Kwenye picha watu wanapanda treni mikono mitupu, kama wanakwenda kuoga. Sisi tulikuwa na mabegi, ndoo, godoro limekunjwa, na mama mmoja ana jogoo wa udongo wa kupamba meza, kampakata kama mtoto.

Na lile la salamu. Unakumbuka ulivyokasirika? Kwenye picha wamekaa magoti yanagusana na hakuna anayemwamkia mwenzake. Ulisema hao si abiria, hao ni magunia. Basi nilipoingia nikasema kwa sauti, "Hamjambo humu ndani?" Kimya. Kila mtu na simu yake. Nikajua hapa picha zimesema kweli, nikasikitika. Nikasema tena, "Nimeuliza, hamjambo?" Mzee mmoja akaitika. Nikafungua korosho, nikampa mama wa jogoo, yeye akampa wa nyuma, na kabla ya Morogoro behewa zima linatafuna, wananiita Bibi Korosho. Kwa hiyo andika, ukimya ni kweli kwa dakika tano, baadaye ni uongo.

Sasa jikaze. Tulipofika kwenye milima ya Kilosa, dirisha likawa jeusi. Pwaa! Masikio yakaziba kama nimezama mtoni. Nikamshika mama wa jogoo. "Tumeingia wapi?"

"Chini ya mlima, bibi. Wametoboa."

Chini ya mlima! Nikakaa sawa, nikangoja taa zizimezime, maana kwenye picha taa zikianza kupepesa adui anatokea. Taa hazikupepesa. Aliyetokea ni binti na kigari cha chai. Moshi hakuna, treni yenyewe inakula umeme. Hakuna samaki wa kubanika hata mmoja. Nilicheka peke yangu mpaka binti akaniuliza kama nataka maji.

Najua utakavyosema. Utasema huo ni mlima, si ardhi. Hebu nijibu, juu yetu kulikuwa na nini? Ardhi. Sisi tulikuwa wapi? Chini. Basi. Umeshindwa, Baba Salima. Na yule mzee aliyeitika salamu akaongeza kuwa ziko nchi treni zinashinda chini ya mji kutwa nzima, watu wanakwenda nazo kazini na kurudi. Shikamoo yangu naidai.

Nilikuwa katikati ya furaha hiyo, mdomo umejaa ushindi, ndipo tukatoka kwenye mwanga na treni ikaanza kupinda.

Nilikuwa dirishani. Nikatazama mbele, nikaona treni. Nyeupe, ndefu, inapinda na mlima. Nikasema, loo, treni nyingine ile nzuri. Kisha nikaona inapinda na sisi tunapinda. Inanyooka, tunanyooka. Moyo ukanilipuka.

Nikapiga kelele, "Ile pale! Sisi wale!"

"Nani, bibi?"

"Sisi! Sisi tunaokwenda kule mbele! Niko ndani, naiona kwa nje!"

Mama wa jogoo akacheka. "Bibi, ni kona tu hiyo."

Kona tu! Nikasimama. Nimeushika msumari. Nikawaambia wote humo kwamba mume wangu alichekwa kwa sababu ya kona hiyo. Kwamba alikuwa mtoto, kwamba reli ilikuwepo Masasi, kwamba aliiona treni yake kwa macho yake na mimi ndiye niliyemwita mwongo. Nikalia pale, nakuficha nini? Nikalia na korosho mdomoni.

Mzee akauliza, taratibu, "Kumbe Masasi kulikuwa na treni?"

Nikamjibu, "Kulikuwa. Mume wangu aliipanda."

Hilo ndilo neno lililokuwa limenikwama stesheni. Lilitoka safi.

Na nimefikiri sana, mwenzangu. Picha zote zile tulizotazama, hakuna hata moja iliyotuonyesha hivyo. Wao wanatuweka nje tuitazame treni kama ndege, au wanatuweka ndani tutazame sura za watu. Ile ya mtu kukaa dirishani akakiona kichwa cha treni yake mwenyewe kinapinda mbele, hawaijui. Anaijua aliyepanda. Ningekuwa na akili siku ile, ningejua hapohapo kuwa jambo la ajabu namna hiyo mtu halitungi.

Nilivyorudi sikupita nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja pale wanaposukia nywele. Yule kijana mtafsiri sasa ana kitambi na mvi, saluni ni ya mkewe, yeye anakaa mlangoni anauza mawigi. Nikamwambia, "Wewe, nimeiona. Niko ndani, naiona kwa nje."

Alielewa papo hapo. Akaniambia, "Mama Salima, yale yalikuwa ya bandani."

"Na ya bandani yamalizwe bandani."

Akasimama. Akachukua chanuo, akalishika kama kipaza sauti. "Mabibi na mabwana! Mzee wetu alikuwa ndani, na aliiona kwa nje! Tuliocheka tulikuwa hatujapanda!" Wanawake vichwa nusu vimesukwa, nusu vimetimka, wakapiga vigelegele bila kujua ni vya nini. Ungesimama, ukatuvurugia. Ungesema chanuo si kipaza sauti.

Basi, Baba Salima, nafunga. Ijumaa nakuja shambani kufagia kaburi lako. Barua hii nitaikunja, nitaiweka upande wa kichwa, na nitaipigilia na msumari wako wa reli, isipeperuke. Korosho nitabangulia jiwe. Msumari ni wako na haukutoka gereji.

Nakuahidi kitu kimoja. Huyu mtoto mwenye masikio yako, akishaweza kukaa mwenyewe nitampandisha treni, nitamweka dirishani, na tukifika pale kwenye kona nitamwambia, "Tazama mbele. Babu yako aliona hivi kabla yetu sote."

Haya, simama wima nikuone. Sijawahi kuisema, na ninaisema kwa hiari yangu, hii haimo kwenye dau.

Shikamoo, Baba Salima.

Yako ndiyo hiyo. Ya kwangu, ya chini ya mlima, bado naidai. Sina haraka. Itayarishe vizuri, uiseme kwa sauti siku nami nikifika huko uliko, na hao majirani zako wote wasikie. Marahaba nimeishika mdomoni.

Mkeo,
Mama Salima