Mkono wa Kushoto wa Nekesa

Jumamosi, 4 Machi 2006
Saluni imejaa. Bi harusi wa Kiminini kitini, wasimamizi wake kwenye benchi. Nekesa, mdogo wangu, anasuka mstari, anashusha mkono wa kushoto, anaupumzisha, anaendelea. Ati unachoka. Ana miaka ishirini na mbili! Wateja wanamtania kwamba mkono wake umeolewa na usingizi.

Jumatatu, 6 Machi
Siamini ninachoandika. Asubuhi kitana kilimponyoka Nekesa. Mdomo ukaenda upande. Mkono na mguu wa kushoto vikalegea, maneno yakawa uji.

Hospitalini hapa Kitale, nesi alimfunga mashine ya presha mkono huohuo. Kimya. Akaigonga, akaazima nyingine. Kimya. “Hizi mashine zetu nazo!” Daktari akashika kifundo cha mkono wa kushoto, cha kulia, tena cha kushoto. Akaweka vidole vyangu hapo. Hakuna mpigo. Mtu anapumua, ananitazama, na mkono hauna mpigo! 

Jumapili, 12 Machi
Picha zimetoka Eldoret. Kiharusi. Kuta za mishipa mikubwa ya damu zimevimba, njia imebana, shingoni na begani. Kumbe mkono haukuwa mvivu, ulikuwa na njaa ya damu.

Mama kwa simu kutoka Bumula: “Ati stroke? Si hiyo ni ya wazee, Nasimiyu?” Hata mimi nilijua hivyo.

Vidonge vya kutuliza uvimbe kila asubuhi, na aspirini. Daktari amekazia: visikatwe ghafla, atavipunguza mwenyewe. Nimemwambia mama maneno hayohayo.

Jumapili, 2 Aprili
Nekesa yuko Bumula kwa mama. Anatembea, mguu unaburuta kidogo. Mashavu yamejaa, anakula sufuria nzima ya ugali. Daktari alisema ni dawa.

Ijumaa, 21 Aprili
Bungoma, benchi la hospitali. 

Nilifika Bumula mchana. Mama alinipokea akicheka. “Ona vile amenona! Dawa ya nini tena, mwanangu? Mungu ameshafanya.” Alikuwa ameacha kumpa vidonge. Tangu wiki iliyopita! Wamechinja kuku, wameita majirani, wameimba. Na Nekesa kwenye kochi, anatapika, hawezi kusimama, mkono umekufa ganzi tena.

Nilipiga kelele. Nilimchukia mama, kweli nilimchukia. Lakini kwetu mgonjwa hukonda, na akinona amepona. Nani hapa angefikiri vingine?

Jumamosi, 22 Aprili
Yuko hai. Dawa imerudishwa, kwa sindano. Ganzi inapungua. Mama hajala tangu jana. Amekaa kitandani akibonyeza kifundo cha mkono wa kushoto, anatafuta mpigo. Nimemwambia haupo, haukuwepo hata mwanzo. Bado anatafuta.

Jumapili, 18 Juni
Kitale. Mvua imeacha. Mama amehamia kwangu. Asubuhi anampa Nekesa vidonge, kisha anamwambia afungue mdomo aone kama amemeza.

Mpigo haujarudi. Daktari anasema huenda usirudi, ila damu imejitafutia vichochoro. Mkono una joto.

Leo kabla ya kanisa Nekesa amenisuka. Kila mstari amepumzika, nami nimengoja. Mmoja umepinda mpaka sikioni.

Nimeenda kanisani bila kitambaa kichwani.