Mkono Unaoanzia Chini

Kwako kitindamimba wangu,

Mimi sijambo, ila mdomo bado umekwenda upande, kwa hiyo hata nikikutukana utadhani natabasamu.

Tangu nipatwe na kiharusi, dada wa mazoezi huufunga mkono wangu mzima kwa soksi ili huu mbovu ulazimike kufanya kazi. Jana alinipima kwa shati la vifungo. Mimi, fundi cherehani, maisha yangu yote huanzia kifungo cha juu. Mkono ukaanzia chini, polepole, ukapanda mpaka shingoni, ukanyoosha kola, kisha ukanipigapiga kifuani. Ulikuwa wa baridi, kama uliotoka kufua. Mwanangu, hivyo ndivyo marehemu mama yako alivyokuwa akinivalisha. Mimi sikuutuma.

Dada akashangilia, "Babu, ubongo umejifungulia njia mpya!"

"Na anayepita humo ni nani?"

Akacheka peke yake.

Sasa anataka kuufundisha kuanzia juu, eti nikirudia mazoea yangu ndipo ataandika kwamba nimepona. Nimemdanganya kwamba nina homa. Njoo haraka, uvae shati la vifungo. Mama yako alipotutoka ulikuwa bado unatambaa, na ningependa akufunge vifungo japo mara moja kabla hawajaniponya.

Ni mimi baba yako, mkorofi yuleyule.