Moshi wa Pilipili

Bwera, Jumanne

Dada Benedicte,

Salamu kwenu nyote huko Butembo. Huku kahawa imeiva vizuri, na Masereka jirani yetu ameoa.

Mama amelazwa hospitali ya Kasese. Jumapili alipoanza kukosa pumzi nilifanya kama ulivyoniambia kwenye simu: nilifunga madirisha, nikamwaga pilipili kavu juu ya makaa, nimfukuze huyo pepo anayemkaba. Dada, midomo yake iligeuka rangi ya majivu! Kifua kilipiga filimbi, kisha kikanyamaza kabisa.

Daktari alinieleza taratibu. "Ndani ya njia ya hewa kuna mishipa ya fahamu yenye vipokezi vya kuonja hatari. Moshi wa pilipili ukivigusa, vinadhani ni moto. Mishipa inapiga kelele, na njia inajibana yenyewe. Hakuna pepo hapo."

Hakuna pepo. Ni mimi niliyemkaba mama yetu.

Leo anapumua. Ameniuliza, "Kavira, ile mambo ya pilipili, nani alikufundisha?"

Nimemjibu nilijitungia mwenyewe. Ukija kumwona, usinisahihishe.

Mdogo wako,
Kavira