Kipimo cha Pili

Kaka yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na wifi awe ameshapona mgongo. Watoto waambie shangazi yao hajawasahau. Mimi hapa napumua, basi. Usingizi umenipa kisogo.

Wewe hupenda kunitania kwamba nalipwa kukodolea macho mbingu. Kazi yenyewe ni hii: nyoosha kidole mbele ya uso, fumba jicho moja, kisha jingine. Utaona kidole kinahama. Nasi tunazipima nyota za Kilimia, kundi lililo jirani yetu, dunia ikiwa upande mmoja wa jua, halafu tunasubiri miezi sita ivuke upande wa pili, tupime tena. Huko kuhama kidogo ndiko kunakotuambia ziko mbali kiasi gani. Kipimo cha pili kikikosekana, cha kwanza ni kazi bure.

Mwezi wangu wa kipimo cha pili ndio aliofariki mama.

Juzi mkuu wetu alinisifu mbele ya wenzangu. Alisema umbali nilioupata umekaa sawasawa, na wengine wameshaanza kuutumia kupimia makundi ya mbali zaidi. Nilitabasamu, nikamshukuru.

Kaka, sikupima. Tarakimu za pili nilizitunga mezani, nikazivutavuta hadi zikafanana na za waliotutangulia.

Wewe nilikuambia kazi imenibana, siwezi kuja kumzika mama. Kazini niliaga kwamba nakwenda kumzika. Sikwenda popote. Siku tisa nilijifungia chumbani, begi liko mlangoni, simu nimeizima. Nilijidanganya kwamba nisipoliona kaburi, mama yungali nyumbani ananingoja. Nawe ukanitetea mbele ya ndugu, ukawaambia, “Mwacheni, nyota hazimsubiri mtu.” Maneno hayo yananichoma mpaka leo.

Njia ya mwongo ni fupi, nami nimefika mwisho wake. Kesho asubuhi nampelekea mkuu barua yake ya kuungama, na kazi najua imeota mbawa. Nyota zitapimwa tena. Mwezi ule hurudi kila mwaka. Mama hazikwi mara ya pili.

Wifi msalimie sana, ila haya usimsomee. Jumamosi nitakuja. Usiponifungulia mlango sitalaumu. Nitumie mtu tu anionyeshe kaburi lilipo, maana silijui.

Mdogo wako,
Kitindamimba