Kahawa Chini ya Dari Iliyovimba

Jumatano, Barani. Jua linawaka tangu asubuhi, na mimi nawaka kulishinda.

Leo nimehama ile nyumba, na sirudi hata dari yake ikipakwa dhahabu.

Tangi la juu ya paa lilipasuka, maji yote yakaingia darini. Kuta zikaota kuvu jeusi, magodoro yakanuka kama samaki wa juzi. Mwenye nyumba, Bwana Athumani, kila nikimpigia huniambia ni uharibifu wa muda tu, fundi yuaja. Fundi hakuja. Ufunguo nikimpelekea hataki kuugusa, maana akiupokea mbele ya watu ndiyo mkataba umevunjika, naye ataka nimalize mwaka.

Sasa mimi nina binti yangu, Rukia. Asiyemjua Rukia hajafika Barani. Anasomea uuguzi, wa kwanza katika ukoo wetu mzima, na akili ile hakuitoa kwa babake. Lakini ana pumu. Juzi nilimkuta ameketi kitandani, mabega yanapanda na kushuka, hata kuniita hawezi.

Hapo ndipo nilipomchukia yule mzee kwa roho safi.

Leo nikamwita kistaarabu. Nimetandika mkeka pale dari ilipovimba, nikaweka dele la kahawa, kaimati, na ufunguo kando. Majirani nimewakalisha barazani makusudi, mlango wazi.

"Karibu, Bwana Athumani. Ukimaliza kikombe kimoja umekaa hapo, mimi namaliza mwaka. Ukishindwa, chukua ufunguo wako."

Kuikataa kahawa ya mtu mbele ya majirani ni aibu. Akakaa.

Kahawa yangu haina mpinzani mtaa huu, lakini hata tangawizi yake haikuishinda harufu ya chumba kile. Akapiga funda moja, akakohoa. Tone la manjano likamwangukia kofiani, akajifanya hakulisikia. La pili likaingia kikombeni.

Bi Mwanaisha wa mlango wa pili akamwuliza taratibu, "Mbona hunywi, babu? Sukari haikutosha?"

Akaweka kikombe chini, akachukua ufunguo, akatoka.

Sasa tuko kwa dada yangu. Rukia amelala, mdomo umefungwa, pumzi zampita puani polepole. Nimekaa namsikiliza kama redio.

Kikombe changu cha seti kimebaki kule mkekani. Nilitaka kesho nikifuate, kisha nikajiambia: kiache, mwenye nyumba hajamaliza kunywa.