Sauti ya Baba Katika Mashine Niliyoiunda

Mbeya Mjini,
Jumapili, baada ya misa

Dada yangu mpendwa Gaudensia,

Kamwene, Dada. Baridi ya hapo Nyololo mnaivumilia vipi? Mguu wa Shemeji ule aliojikata na shoka umefunga, au bado anachechemea? Na Mama, kifua chake kimetulia? Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala, na kazi ya kutengeneza redio inaendelea dukani pale karibu na soko. Moyo ndio si mzima, na ndiyo sababu nimechelewa kukujibu hadi ukadhani barua yako imepotea njiani.

Haikupotea. Kondakta alinikabidhi mkononi. Uliandika mengi, habari za mahindi na za watoto, lakini macho yangu yaliganda pale ulipouliza, "Batro, umemfanya nini Baba huko Mbeya?" Ukasema tangu arudi haimbi. Kwamba kwenye mazishi ya bibi yake Lusia watu walimsubiri aanzishe wimbo kama siku zote, yeye akakaa nyuma kabisa, kofia magotini, akitazama chini. Mtu mwingine akaanzisha, wimbo ukazama kabla ya kufika ubeti wa pili. Na wewe ukimuuliza anakujibu tu, "Waacheni vijana waimbe."

Nitakwambia nilichomfanya.

Unajua Baba alivyotaka nyimbo zake zinaswe kwenye utepe. Zile alizozitunga mwenyewe akiwa anapiga randa, ambazo hakuna aliyeziandika. Nilipokuja likizo nilijigamba mbele yenu wote kwamba nitaunda mashine yangu mwenyewe, na kwa kuwa hapo kijijini hakuna umeme, yeye aje Mbeya aimbe. Mama akacheka kwa furaha. Kesho yake nilimkuta Baba anachagua mbao za msonobari. Alitengeneza sanduku la spika kwa vipimo nilivyomwachia, akatoboa tundu la duara safi kabisa, akalipiga msasa hadi likawa laini kama shavu la mtoto. Akanitumia kwa lori.

Sasa, Dada, mashine yenyewe nilitaka iwe ya kati. Isiwe kubwa kama za bendi za Dar es Salaam, wala isiwe ndogo kama redio ya mkononi. Nilitaka ifanye kazi mbili: kunasa sauti vizuri, na kuitoa kwa nguvu watu wacheze. Hiyo kazi ya pili sikuwaambia. Kuna mwenzangu hapa, Ambokile, Mnyakyusa wa Tukuyu, ndiye mwimbaji na mkuu wa bendi ndogo inayopiga muziki kwenye baa moja kule Mbalizi. Mimi napiga nao gitaa siku za mapumziko. Ambokile alisema, "Ukiunda kitu cha maana, jina lako litatangulia Mbalizi nzima." Maneno hayo yaliniingia kuliko nilivyotaka kukubali.

Vifaa vyenyewe havipatikani kirahisi. Vingine tunavitoa kwenye redio zilizokufa, vingine madereva wa malori wanatuletea kutoka Zambia. Kwa hiyo huwezi kupata kila kitu kizuri. Lazima uchague: ukijinyima hapa ndipo upate pale. Na kazi yangu ndiyo hiyo, Dada, nimefundishwa. Najua kabisa kwamba mtu anayetaka kunasa sauti ya binadamu aanze na kipaza sauti kizuri, na transfoma yenye nguvu ya kutosha kulisha mashine nzima, isiyonguruma, aiweke mbali na waya za sauti. Spika inafuata baadaye. Hata spika ya kawaida itakutolea sauti nzuri kama ilinaswa vizuri.

Mimi nilianza na spika. Dereva mmoja alileta kubwa, nzito, sumaku yake kama chungu. Nilipoiona sikutaka kuona kingine. Vitu vizuri nilivyokuwa nimevikusanya nilivibadilisha vyote ili niipate, hata kile kipaza sauti nilichokuwa nimemwekea Baba. Halafu nikajaziajazia. Transfoma nikaitoa kwenye redio ya zamani iliyoungua upande. Kipaza sauti nikaokota kimoja kilichotupwa, kimepasuka wavu. Tepu rekoda ilikuwa ya kuazima, nzuri tu, lakini nikaibana karibu na ile transfoma kwa sababu nafasi ilikuwa imeliwa na spika.

Na spika yenyewe haikuingia kwenye sanduku la Baba. Nilichukua msumeno butu nikalipanua lile tundu lake. Mbao zikachanika. Nikapaka rangi nyeusi pasionekane.

Tulipoijaribu kwa santuri, ukumbi wa Mbalizi ulitikisika. Wahudumu wa baa walitoka jikoni kuja kutazama. Ambokile alinibeba begani. Nilijiona mtu. Sikujaribu kunasa hata neno moja kwenye utepe, Dada. Nilisema nitajaribu Baba akija.

Baba alikuja Jumamosi, koti lake la kanisani, viatu vimepakwa rangi. Nilimwambia mashine iko Mbalizi. Hakujua kwamba ni baa. Tulipofika Jumapili mchana alisimama mlangoni, akatazama chupa na meza, akaniuliza, "Hapa ndipo panapoimbiwa?"

Nikamwambia, "Ndipo penye umeme mzuri, Baba."

Akavua kofia, akaingia. Watu walikuwa wamejaa kwa sababu Ambokile alikuwa ametangaza. Baba aliona sanduku lake. Alipitisha kidole kwenye ukingo wa tundu, pale niliporarua, kisha akauondoa mkono wake taratibu.

Aliimba ule wimbo wa mvua ya kwanza. Dada, aliimba vizuri. Nakuapia. Ukumbi ulinyamaza, na mama mmoja wa Kisafwa aliyekuwa anauza ndizi mlangoni aliweka sinia chini. Nilikuwa nimeinamia tepu, naangalia magurudumu yanavyozunguka, huku nikisema moyoni, leo nimemlipa Baba.

Kisha nikarudisha utepe nyuma, nikafungulia ile spika kubwa kwa nguvu zote.

Kilichotoka sijui nikuelezeje. Mngurumo kama lori linapanda mlima, na ndani yake kitu kinakwaruza, kinakoroma, kama mtu anaimbia ndani ya debe. Mimi nilielewa palepale. Transfoma ilikuwa inanguruma ndani ya utepe, na kile kipaza sauti kibovu kilikuwa kimeichanachana sauti. Mtoto anayejifunza redio angeelewa. Lakini watu hawakujua. Walianza kucheka, kwanza kwa chinichini, kisha ukumbi mzima. Ambokile akapaza sauti, "Mzee, koo limeota kutu!"

Baba hakukasirika. Alikuwa ameinamisha kichwa anasikiliza kwa makini, kama anavyosikiliza mbao anapozigonga. Hakuwa amewahi kusikia sauti yake ikitoka nje ya mwili wake. Angejuaje? Utepe ulipoisha alinigeukia akauliza, taratibu, "Batro, ndivyo ninavyosikika?"

Dada, jibu lilikuwa moja. Lilikuwa mdomoni. Lakini Ambokile alikuwa ananitazama, na wale wahudumu, na watu wote waliokuwa wamesikia kwamba mimi ndiye fundi. Ningesema kwamba mashine ni mbovu, ningekuwa nimesema kwamba mimi ni mbovu.

Nikamwambia, "Ni uzee, Baba. Sauti nayo inachoka."

Hata nilicheka kidogo, ili nionekane niko pamoja na wenzangu.

Yeye akatikisa kichwa, akasema, "Aha." Akavaa kofia yake.

Asubuhi yake nilimsindikiza kupanda basi. Nilikuwa nimemnunulia mkate na ndizi. Alipokuwa ameshaweka mguu kwenye ngazi alisimama, akasema bila kunitazama, "Kumbe miaka yote hii watu walikuwa wananivumilia." Nikafungua mdomo. Nyuma yake watu walikuwa wanasukumana, kondakta anapiga ubavu wa basi, na mimi nikamwambia, "Msalimie Mama." Ndivyo nilivyoagana na baba yangu.

Sasa umejua kwa nini alikaa nyuma kwenye mazishi. Hakuchoka, wala hakuwasusia. Anaamini kwamba tangu ujana wake amekuwa akiwakoromea watu kanisani na kwenye harusi, nao kwa adabu wakamwachia. Anaona aibu, Dada, aibu ambayo si yake. Mwenye aibu hiyo niko huku naitwa fundi.

Baada ya barua yako sikuweza kushika kazi. Nilikwenda Mbalizi, nikamwita Ambokile mchana kabla watu hawajaja. Nikamwambia, "Imba." Akaimba, nikanasa kwa mashine ileile, bila kugusa kitu. Nikamfungulia. Unajua Ambokile anavyojipenda; sauti yake watu wanaifuata kutoka Rungwe. Alisikiliza kidogo tu, akazima mwenyewe.

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe."

Alikaa juu ya kreti ya soda. Baadaye akasema, "Na ulijua siku ile?"

"Nilijua."

"Ukaniacha nimtukane mzee wa watu?"

Hakunipiga, ingawa ningefurahi angenipiga. Alivua shati, akachukua bisibisi, akaanza kufungua kifuniko cha nyuma pamoja na mimi. Tuliitoa ile transfoma. Ile spika kubwa tuliirudisha kwa madereva, tukapata badala yake transfoma nzuri na kipaza sauti ambacho hata pumzi yako kinaisikia. Nikavuta waya wenye koti la shaba linalozuia mngurumo, nikaweka spika ya kawaida, nikaiweka tepu mbali. Mashine sasa haitikisi ukumbi. Wachezaji wanalalamika kwamba muziki umekonda. Lakini Ambokile akiimba, utepe unamrudisha Ambokile mwenyewe.

Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya watu walewale, nikawaambia kwamba sauti iliyowachekesha haikuwa ya yule mzee, ilikuwa ya vifaa nilivyochagua vibaya kwa kutaka sifa, na kwamba nilijua nikanyamaza. Mmoja akapiga kelele, "Sawa, weka muziki!" Wengine wakaendelea na vinywaji vyao. Nilidhani nikisema nitapata nafuu. Sikuipata. Wale si watu niliowakosea.

Dada, harusi ya mwanao Kristina imekaribia, na najua Baba akikaa nyuma siku ile, Kristina atalia. Ruhusa yangu ya kazi haitatoka hadi siku ya harusi yenyewe, nisingependa asubiri hadi hapo. Nawe unajua macho ya Baba hayasomi tena. Kwa hiyo nakuomba jambo gumu: mkae jikoni wewe na yeye, umsomee barua hii. Isome yote. Usiruke pale niliposema ni uzee, wala pale nilipocheka. Najua utataka kunisitiri kwa sababu ndivyo ulivyozoea tangu tukiwa wadogo. Safari hii usinisitiri. Ukiniruka mimi, yeye atabaki na ile sauti ya debe kichwani.

Umwambie na habari ya yule mama wa ndizi aliyeweka sinia chini. Hilo alilifanya wakati Baba anaimba, si wakati mashine inaimba.

Nisalimie Mama, umwambie ajifunike kifua asubuhi. Nisalimie Shemeji, aache kupasua kuni amevaa malapa. Msalimie Mama Mdogo wa Mafinga akija kusaga, na mjomba wetu katekista, na bibi harusi mwenyewe, umwambie mjomba wake anakuja. Ambokile naye anawasalimu. Anaogopa kuandika, lakini amesema anataka kuja kumpigia Baba magoti.

Mimi nitateremka kwenye basi siku ya harusi. Mashine sitaibeba. Nikikaribia nyumbani nitasimama kwanza pale nje nisikilize. Nikisikia sauti yake inawaongoza watu, nitajua umemsomea, nitaingia. Nisipoisikia nitaingia vilevile, nipite katikati ya wageni mpaka kule nyuma alikokaa, nimwambie kwa mdomo wangu, watu wote wakisikia.

Ni mimi mdogo wako uliyembeba mgongoni,
Batromeo